Safi ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya ua, maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu, tangi jipya limelala ubavu kama mlevi, na wifi yangu anacheka. Wengine mmenisimamisha njiani kuniuliza kama alicheka kweli. Alicheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, halafu akatafuta ukuta wa kuegemea.

Kwa mliochelewa nitafupisha, maana sina tabia ya kumsimulia upya mtu aliyekuwa amelala. Mume wangu ni fundi zege. Mimi naokota chupa za plastiki mitaroni, tunazisaga, tunapata chenga, na chenga hizo tunazitia kwenye zege mahali pa sehemu ya mchanga. Sehemu, narudia, si mchanga wote. Ukizidisha plastiki zege linakuwa dhaifu. Hilo tulijifunza kwa kuharibu, si kwa yule bwana wa semina mwenye tai, aliyetamka neno "uendelevu" tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana bila kugusa koleo.

Tunaishi kwa mama mkwe. Ua wa nyuma ndiyo karakana yetu, hatuna nyingine. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa lakini analala hapa kuliko kwake, anautaka ua huohuo ajenge vyumba vya kupangisha. Mama akaamua kesi kwa mtindo wake: tumjengee jukwaa la kuwekea tangi la maji, kwa zege letu hilohilo la chupa. Likishika, ua ni wetu. Lisiposhika, tukusanye magunia yetu tumpishe wifi.

Basi ndiyo mmeona lilivyoshika.

"Nilisema mimi," wifi alisema alipopata pumzi. "Tangi la plastiki juu ya zege la plastiki. Tumebaki sisi tu kugeuzwa plastiki."

Fundi bomba, aliyekuja kuunganisha mabomba ya tangi, akacheka naye. Fundi bomba yule ni mtu wa kucheka na kila anayecheka. Ukilia atalia nawe, mradi chai iko njiani.

"Eti wanatia chenga," wifi akamwambia. "Aliyepigwa chenga ni kaka yangu, siku aliyomwoa Jalala."

Jalala ni mimi. Ndilo jina alilonipa siku ya kwanza aliponiona na gunia la chupa begani, na majirani wamelipokea vizuri kabisa.

Mume wangu alichuchumaa pale jukwaa lilipomeguka, akaokota kipande, akakibana kwa vidole. Kikapukutika kama mkate wa juzi. Mimi nilikitazama kile kipande na kitu kimoja kikanijia kichwani, kikakaa.

Sukari.

Wiki ileile tuliyomwaga zege, kopo la sukari lilihama jikoni. Nilimwona wifi kwa macho yangu, amelikumbatia kama mtoto mchanga, anaingia nalo chumbani kwake. Tangu hapo nyumba nzima tunakunywa chai bila sukari. Na fundi yeyote atakwambia kuwa sukari ni adui wa saruji. Ikiingia kwenye mchanganyiko, saruji inasahau kazi yake.

"Cheka," nikamwambia wifi. "Cheka vizuri. Halafu utueleze sukari ya nyumba hii iko wapi."

Kicheko kikakatika. Hapo nikajua nimempata. Mtu asiye na hatia angeuliza sukari gani. Yeye alimgeukia mama yake.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake kizingitini, kanga imemkaa sawasawa, miguu kaiinua isiguswe na maji. Mama yangu huyu ni msafi kupita kiasi. Anafuta kiti kabla ya kukaa na anakifuta tena akishainuka.

"Nakuuliza wewe, usimtazame mama," nikasema. "Sukari iko wapi?"

"Muulize mama," wifi akasema.

"Ulilibeba wewe kopo. Nilikuona."

"Nililibeba. Sasa nakwambia, muulize mama sukari iko wapi."

Mnasikia jeuri hiyo? Mtu amekamatwa na ngozi, anakutuma ukamuulize mwenye ng'ombe. Nikawageukia majirani, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani kama wamekata tiketi. Nikawaeleza kazi ya sukari ndani ya saruji. Nilieleza vizuri kuliko yule bwana wa semina. Nikawauliza nani anafaidika jukwaa likianguka, na vichwa vyote vikamwelekea wifi.

"Mke wangu," mume wangu akasema kwa sauti ya chini. "Njoo uone hiki."

"Nimekwisha kuona."

"Hujaona. Zege lenye sukari linabaki uji, halikauki. Hili limekauka, lakini lina matundu. Tazama, matundu matupu. Sukari haitoboi matundu."

Mume wangu ana kipaji cha kusema ukweli wakati ambapo hakuna anayeuhitaji. Nikamkanyaga mguu. Nikasema kwa sauti kwamba sukari ikikutana na plastiki inaweza kufanya lolote, jambo ambalo sikulisikia popote na sijalisikia tena tangu siku ile.

"Labda alitia na hamira," fundi bomba akachangia.

"Haya, nimetia hamira," wifi akasema. "Nilikuwa naoka mkate. Mama, unasikia? Mwanao mwizi wa sukari, mwoka zege. Sema neno."

Mama akafuta mkono wa kiti kwa ncha ya kanga. Akaufuta tena ulikokwisha kung'aa.

"Mama," wifi akarudia, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Waambie."

"Mimi ni mtu mzima," mama akasema hatimaye. "Siwezi kukaa mbele za watu nikahukumu watoto wangu. Lakini kama mko wawili ndani ya ua mmoja na hamwelewani, mmoja ampishe mwenzake. Wewe una kwako, mwanangu. Nenda ukapumzike kwa mumeo kidogo."

Wifi alibaki mdomo wazi. Mimi pia, kwa kweli. Nilizoea kwamba katika nyumba ile damu ni nzito kuliko maji, na mimi ndiye maji. Wifi akageuka akaingia ndani, tukasikia kabati linafunguliwa na sanduku linaburutwa.

Niseme nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri mno. Nimeitwa Jalala misimu yote, mbele ya wageni na mbele ya watoto wa watu, na leo aliyeniita hivyo anakunja nguo zake. Nikawaaga majirani kama mtu anayefunga duka. Nikamwambia mume wangu tunamwaga jukwaa upya, na chenga zipo, gunia zima limebaki stoo.

Nikaenda kulichukua.

Gunia lenyewe lilikuwa na vumbi, nikasema nizisuuze chenga kabla ya kuzitumia. Nikazimimina kwenye beseni, nikafungulia maji, nikatia mikono yote miwili nikavuruga.

Povu likapanda. Nikadhani beseni lilikuwa na mabaki ya kufulia, nikamwaga, nikatia maji mapya. Likapanda tena, jeupe, zito, likafika viwiko vyangu, likamwagika mguuni. Na harufu ikaja. Waridi. Katika nyumba ile harufu ya waridi ni moja tu: ile sabuni ya maji ambayo mama mkwe anaiweka chini ya kitanda chake, ya kusuuzia shuka za wageni, ambayo hata binti yake haruhusiwi kuigusa.

Nilikaa pale nikakumbuka siku ya kumwaga. Zege lilitoka kwenye mashine laini, limefura, linapanda kwenye mbao kama lina furaha. Mume wangu alilisifu. Sabuni ndiyo iliyokuwa inalijaza hewa, na sisi tunalipapasa kwa mwiko na kulisifia ulaini.

Nikaenda chumbani kwa mama bila kunawa. Niligonga, kwa mama hata nyumba ikiungua unagonga kwanza.

"Mama, zile chenga uliziosha kwa nini?"

Hakujifanya hajui. Hilo nampa.

"Si ulisema nizioshe," akajibu. "Nilikwambia unipe kazi na mimi, nisikae kama mgeni nyumbani kwangu. Ukanipa chenga. Ukaniambia, mama, hakikisha ziko safi."

"Safi, mama. Maji matupu, karatasi ziondoke, mafuta yaondoke. Safi ya zege."

"Mimi sijui safi ya zege. Najua safi." Akanyoosha shuka iliyokuwa imenyooka. "Chupa zimetoka mtaroni. Watu wamezitemea, mbwa wamezipitia. Halafu maji ninayokunywa yakae juu yake? Nimezitia sabuni ya unga usiku kucha, asubuhi nikazimalizia na ile ya waridi."

"Na hukuzisuuza."

"Nikizisuuza si harufu itaondoka?"

Niliegemea mlango. Miaka yote mwanamke huyu amenitazama kama doa kwenye nguo, na siku aliyoamua kunisaidia, amenisaidia kwa moyo wote. Angenichukia kidogo zaidi, jukwaa lingesimama.

"Basi wifi hakufanya kitu," nikasema.

"Hakufanya."

"Na ulijua, mama. Umekaa pale kizingitini unajua."

"Nilijua mume wako aliposema matundu. Sabuni inafanya matundu, mimi si mjinga." Akakung'uta mto. "Ulitaka niseme nini mbele ya majirani? Kwamba mimi, ninayewafundisha watu kufua, nimeangusha tangi langu kwa sabuni? Wangenicheka mpaka nife, na matanga wangekuja kuyachekea."

"Na sukari?" nikauliza. "Alipeleka wapi sukari?"

Mama akacheka, kicheko kibaya, kifupi.

"Alikwambia uniulize mimi. Sukari ninayo mimi, mwanangu. Iko kwenye damu. Hospitali wamesema nisiiguse, na binti yangu hapo akahamisha kopo, maana ananijua, nikiwa peke yangu jikoni nachota kwa kijiko cha mchuzi. Nilimwapisha asimwambie mtu. Mkijua mtaanza kunipimia chakula kama mtoto, na mumeo hatalala kwa wasiwasi."

Nilikuwa nimemwita yule mwanamke mwizi mbele ya mtaa mzima, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Neno moja tu, mama anaumwa, na mimi ningezama kwenye yale maji yaliyomwagika. Alilimeza kwa sababu aliapa. Mimi ningeapa juu ya kaburi na bado ningelitema.

"Naenda kumwambia asiondoke," nikasema.

"Nenda," mama akasema. "Lakini kaa nikwambie kitu kwanza."

Nikakaa. Alinionyesha ukingo wa kitanda, mahali ambapo sikuwahi kukaribishwa.

"Makubaliano yalikuwa jukwaa lishike," akasema. "Halikushika. Sikusema lisiposhika kwa sababu gani. Ukitoka hapo nje ukasema ni sabuni yangu, sawa, utakuwa umesema kweli, na mimi nitasimama kwenye neno langu. Ua atapewa wifi yako. Ukinyamaza, basi lilivunjwa na mtu, halina kosa. Mtamwaga jingine, na ua ni wenu. Nitawaambia leo, majirani wangalipo."

"Na wifi?"

"Binti yangu ana kwake. Akikasirika atarudi, hasira ya mtoto kwa mama haina mizizi." Akanitazama mikono. "Na unawe, unanidondoshea maji sakafuni."

Hapa ndipo ningependa kuwadanganya, wasomaji wangu. Ningependa kusema niliinuka nikasema, mama, haki haiuzwi kwa ua. Lakini mmekuwa nami tangu mwanzo na mnanijua. Nilifikiria magunia yangu yakirudishwa mtaroni. Nilifikiria mume wangu akienda kuomba vibarua kwa mafundi wanaomwita bwana chupa. Nilifikiria pia, kwa sekunde ndefu na tamu, ule mlango ukifungwa nyuma ya mtu aliyeniita Jalala.

"Sawa, mama," nikasema.

Nilitoka. Uwani wifi alikuwa amefika getini. Mume wangu ndiye aliyembebea sanduku, maana yeye ni mtu wa kubebea watu mizigo hata wanapofukuzwa. Majirani hawakuwa wameondoka. Fundi bomba alikuwa amekalia tangi lililolala, anakunywa chai sijui alipewa na nani.

Mama akatoka nyuma yangu, akajifunga kanga vizuri.

"Mwanangu, usiondoke na kinyongo," akamwambia wifi. "Mpe wifi yako mkono, muagane kama watu."

Wifi alinitazama tangu unyayoni mpaka utosini. Nilijua ana tusi lake tayari, namfahamu, huwa analipanga kwanza kwenye meno. Akaja, akanishika mikono yote miwili kwa nguvu za kunivunja vidole.

"Sikiliza wewe Jalala," akaanza.

Kisha akainamisha kichwa karibu na mikono yangu. Nilijaribu kuivuta, akaikaza.

"Unanukia shuka za mama," akasema, polepole, kwa sauti ambayo niliisikia mimi peke yangu.

Akamtazama mama yake. Mama akatazama pembeni, akaanza kupangusa kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Wifi akanitazama mimi tena, na safari hii hakuwa na tusi. Niliona anahesabu mambo, moja baada ya jingine, chenga, beseni, sabuni, na niliona amefika mwisho. Niliombea asiseme. Halafu nikaombea aseme, ili yaishe na yasiwe yametoka kwangu.

Alinyanyua sauti mpaka wa ukutani wakamsikia.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Sukari niliitia mimi. Niliutaka ua, nikaingiwa na shetani. Mama hana kosa lolote, asisumbuliwe na mtu."

Majirani wakaguna wote kwa pamoja. Fundi bomba akasema alijua tangu mwanzo. Mama akaacha kupangusa, lakini hakugeuka, na mgongo wake ukaonekana mdogo ndani ya kanga. Mimi nilikuwa bado nimeshikwa mikono. Sikuwahi kumchukia wifi yangu kama nilivyomchukia dakika ile, kwa kunizidi mbele ya watu bila mtu hata mmoja kujua amenizidi.

Mume wangu akaweka sanduku chini. Alikuwa na kile kipande cha zege mfukoni, sijui kwa nini alikibeba. Akakitoa, akakigeuza upande wenye matundu.

"Dada, wewe hujatia sukari humu," akasema. "Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu. Unadanganya, na sijui unamdanganyia nani."

"Nimekwisha kukiri," wifi akasema. "Unataka nini tena?"

"Nataka kujua." Alimtazama dada yake, akatazama mgongo wa mama yake, na hakumuuliza yeyote kati yao. Akaja mpaka nilipokuwa, akanitoa mikono kwenye mikono ya wifi, taratibu, akaigeuza viganja juu.

"Mke wangu," akasema, "nakuuliza wewe."